Aliyepita Kwenye Minyanya ya Bibi

Utoto wangu niliumalizia Kariakoo, kwenye nyumba ya Bibi mzaa mama, mwendo wa dakika tatu kutoka sokoni, na bado Bibi alikuwa akipanda nyanya zake mwenyewe. Watu walimcheka. Kila siku malori yanashusha matenga ya nyanya hadi nyingine zinakanyagwa barabarani, na huku mwanamke mzima anahangaika na madebe saba uani. Bibi aliwajibu kwamba nyanya ya sokoni imepita mikono mingi mno. Hujui nani kaishika, alisema, wala alikuwa katika hali gani.

Hiyo "hali gani" niliisikia kabla sijajua maana yake.

Madebe yalikuwa yale ya mafuta ya kupikia, yamepangwa kando ya ukuta kwenye njia ya kwenda bombani. Sheria ya nyumba ilikuwa kwamba mwanamke aliye katika siku zake hapiti njia hiyo, hachumi na wala hamwagilii. Akipita, majani yanageuka njano, maua yanapukutika, na mwaka huo hamli kachumbari. Kwa hiyo mwanamke wa nyumba ile akiwa katika siku zake alizungukia jikoni kwenda kuchota maji, na kila aliyekaa uani alijua kwa nini anazunguka. Hakuna aliyeona ajabu. Nami nilikuwa nikiona ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni.

Mama alikuwa ameolewa tena, yuko Mwanza, na mume wake mpya hakuwa na nafasi ya mtoto aliyekwishakua. Sisemi hivyo kwa kulalamika, ndivyo ilivyokuwa. Bibi alinipokea vizuri, akawa ananiita "mke mwenzangu" na kunitania kwamba nimekuja kugawana naye marehemu Babu. Lakini alikuwa mtu wa maneno machache. Saa aliyozungumza sana ilikuwa ile ya kumwagilia, asubuhi na jioni, na hata hapo nusu ya mazungumzo alikuwa akiongea na miche. Nilikuwa nashika kopo la maji nasikiliza, na nikihesabu yaliyosemwa na mimi ndani ya siku nzima, hayakufika hata sentensi kumi. Shuleni nilikuwa mgeni. Nyumbani wapangaji karibu wote walikuwa wanaume wa sokoni, wanatoka kabla ya jua na kurudi wamechoka.

Isipokuwa dada Mwajuma. Alikuwa fundi cherehani kutoka Lindi, ameachika, hana mtoto, chumba chake cha kwanza ukiingia ukumbini. Nikitoka shule nilikaa miguuni pake namtungia uzi sindanoni. Aliniuliza vitu ambavyo hakuna mtu mwingine alikuwa akiniuliza. Leo mmesoma nini? Nani kakuudhi? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika jiji zima la Dar es Salaam huyo ndiye mtu pekee aliyejua kwamba nilikuwa nikilia kila nikipata barua ya Mama.

Kwa hiyo siku nilipovunja ungo sikwenda kwa Bibi. Nilikwenda kwake.

Msomaji asiyekulia kwenye nyumba kama yetu huenda akajiuliza nilikuwa naogopa nini. Niliogopa kuwekwa ndani. Binti akivunja ungo anaambiwa somo wake, yule mwanamke wa kumfunda, somo anawaambia wakubwa, na mwali anafungiwa chumbani afundwe. Binti wa nyumba ya pili alikaa ndani mwezi mzima, akatoka amenenepa na anapendeza, akakuta wenzake wamemwacha mbali darasani. Mimi nilikuwa darasa la saba na mtihani ulikuwa umekaribia. Kufaulu ndiyo ilikuwa njia yangu pekee ya kwenda mahali ambapo siko kwa hisani ya mtu.

Dada Mwajuma alinisikiliza mpaka mwisho. Akachana kipande cha kanga kuukuu, akanionyesha namna ya kukikunja.

"Haya, tutanyamaza mpaka umalize mtihani wako," alisema. "Ila nyanya za bibi yako, Tatu, usizisogelee hizo siku."

Naye aliamini. Hilo nataka likumbukwe.

Lakini nisizisogelee vipi? Kumwagilia ilikuwa kazi yangu. Ningezungukia jikoni siku moja tu, Bibi angejua. Nikaendelea kupita njia ileile na kopo langu, nimeshikilia pumzi. Hata swala sikuacha, maana Bibi alikuwa akijua siku za kila mwanamke kwa kuangalia nani hatii udhu. Nilisimama nyuma yake nikiinama na kusujudu bila kunuia chochote, nikimwomba Mungu anisamehe kwa kujifanya namwomba. Ule ulikuwa upweke wa aina niliyokuwa sijawahi kuujua. Hata Mungu niliona nimemfungia mlango.

Mwezi uliofuata majani yakaanza. Yale ya chini kabisa kwanza, yaliyo karibu na udongo, yakapauka, kisha yakawa njano ya ndizi mbivu. Nikayachuma upesi nikayatupa chooni kabla Bibi hajayaona. Kesho yake yalikuwa mengine. Nikawa namwagilia zaidi, makopo mawili pale pa moja, nikiamini kwamba maji mengi yatasafisha kile nilichokipitisha. Kadiri nilivyoongeza ndivyo yalivyozidi, yakipanda kutoka jani la chini kwenda la juu, mpaka ikafika asubuhi ambayo hapakuwa na cha kuficha.

Bibi alisimama mbele ya madebe muda mrefu. Alifukiza ubani, akanyunyiza chumvi ya mawe kila debe, akafunga kitambaa cheusi kwenye mche mkubwa. Baada ya siku tatu maua yakaanguka. Hapo ndipo alipomwita dada Mwajuma uani. Mimi nilikuwa nafua sare yangu, hatua nne kutoka kwao.

"Mwanangu, nakuuliza kwa wema," Bibi alisema. "Humu ndani wanawake ni mimi na wewe. Mimi mambo hayo yameshanipita. Huyu bado mtoto. Juzi na jana sikukuona ukitia udhu."

Dada Mwajuma alikuwa na jibu. Nililijua. Siku zile alikuwa na kazi ya sare za harusi, anashona tangu alfajiri, na swala zilikuwa zikimpita akiwa juu ya cherehani. Angeweza kusema hivyo. Angeweza pia kusema jambo jingine, fupi zaidi, na akanitazama mimi kana kwamba ananiuliza kama aliseme.

Nikainamisha kichwa kwenye beseni. Nilisugua kola ya shati ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Ni mimi, Bibi," alisema. "Nilisahau nikapita. Unisamehe."

Nadhani Bibi angesamehe kusahau. Asichoweza kusamehe ni kwamba mtu amekaa siku zote hizo anaona majani yanakufa, anaona chumvi na ubani, na amenyamaza mpaka kuulizwa. Alichokikasirikia kilikuwa kimya changu, ila aliyetozwa ni mwingine.

"Sigombani na mtu nyumbani kwangu," alisema. "Mwezi ukiisha utafute chumba."

Zilibaki siku kumi na moja. Kila siku niliamka nimeamua kusema, na kila siku nikapata sababu. Mara Bibi ana mgeni, mara ana kichwa kinamuuma, mara mtihani umebaki wiki mbili. Jioni nilikaa miguuni pa dada Mwajuma nikimtungia uzi, na yeye alinihoji maswali ya Maarifa ya Jamii kutoka kwenye daftari langu kama vile hakuna lililotokea. Nilitaka anikemee. Hakunikemea.

Alihama mchana, cherehani imefungwa kwa kamba juu ya mkokoteni. Alisema anapata chumba Magomeni kwa mtu wa kwao. Aliniambia maneno mawili tu, "Soma, Tatu," akamfuata mwenye mkokoteni. Nilisimama mlangoni mpaka walipopotelea kwenye watu, na Kariakoo mtu anapotea upesi sana.

Mtihani nilifaulu. Nilipomaliza nikamwendea Bibi na kumwambia kwamba nimevunja ungo asubuhi ile. Alifurahi mpaka akalia, akaita somo, nikawekwa ndani wiki mbili na kufundwa mengi, pamoja na lile la kutopita kwenye bustani. Madebe yalikuwa yameshamwagwa. Bibi hakupanda tena. Alikufa nikiwa nimeshaanza kazi, na hakujua.

Sasa ni miaka thelathini na kitu. Nyumba ile imevunjwa, pamejengwa ghorofa ya maduka ya nguo. Mimi nafanya kazi ofisini Posta, naishi peke yangu, na sijawahi kupanda kitu. Watu wakiniletea ua la kwenye chungu, nalipeleka kwa jirani. Nimesoma, nimefika chuo kikuu, na ungeniuliza kama naamini mambo yale ningecheka. Ila chungu cha ua pale ofisini sikimwagilii, na kuna siku za mwezi ambazo nilikuwa nazunguka meza nzima nisikipite karibu.

Juzi nilitembea kwa miguu kutoka kazini, nikapita Mnazi Mmoja, nikaingia Kariakoo kutafuta dawa ya panya. Dukani kwa muuza pembejeo palikuwa na bango lenye picha za majani ya nyanya yaliyougua, safu kwa safu. Nikasimama kulitazama muda mrefu mpaka mwenye duka, mama wa Kichaga wa rika langu, akadhani nina shida.

"Zako zinaumwaje, dada?"

Sijui kilichonipata. Nikamjibu kana kwamba ninazo.

"Majani yanageuka njano."

"Yanaanzia juu au chini?"

"Chini."

"Yana madoa meusi? Yamejikunja?"

"Hapana. Yanapauka tu, halafu yanaanguka. Na maua pia."

"Basi siyo bakajani, wala siyo wale nzi weupe. Udongo ukoje?"

Nikafumba macho nikauona. "Umelowa. Una harufu kama ya maji ya mtaro."

"Umepanda kwenye nini?"

"Madebe."

"Chini umetoboa?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwaka ule Bibi alikuwa amesakafia ua kwa saruji, na maji ya udongo yaliyovuja kwenye madebe yakawa yanachafua sakafu yake mpya. Alinipa matambara nikayaziba matobo yote, moja baada ya moja, nikayasindilia kwa kijiti. Nilijivunia kazi ile.

"Yalizibwa," nikasema.

"Basi unazizamisha, dada yangu. Mizizi nayo inavuta hewa, ikikaa kwenye maji inaoza, majani yanakosa chakula. Zibua hayo matobo, uyainue madebe juu ya matofali. Usimwagilie tena mpaka ukichomeka kidole udongo uwe umekauka. Yaliyokwisha kuwa njano yatoe, hayarudi kijani hayo. Ukiona jipya linachipua, weka samadi iliyooza, kidogo tu." Akachukua kalamu aniandikie. "Yameanza lini?"

"Nilikuwa darasa la saba," nikamwambia.

Aliiweka kalamu chini. Hakunicheka, namshukuru kwa hilo. Nikamuuliza basi na lile jingine, kama mwanamke akipita akiwa katika siku zake nyanya zinakufa kweli.

"Mama yangu kule nyumbani alitukataza kuingia kwenye maboga," alisema. "Sasa mimi nina shamba langu, napalilia mwenyewe mwezi mzima. Ningekuwa nasubiri siku ziishe, magugu yangenisubiri?"

Nilitoka bila dawa ya panya. Nilirudi na njia ya Mnazi Mmoja nikiwa mwepesi, nusura nicheke peke yangu kati ya watu. Sikuwa nimeua kitu. Mwili wangu haukuwa na kosa, wala haujawahi kuwa nalo, na miaka yote hiyo nimeubeba kama mshitakiwa.

Furaha hiyo haikufika kituoni. Kwa sababu ukiyatoa majani, ukaitoa na damu, kinachobaki ni mimi nimeinama kwenye beseni nasugua kola iliyotakata. Lile halikuhitaji mila wala uchafu wa aina yoyote. Nililifanya kwa akili zangu timamu, nikiwa na miaka kumi na mitatu, na nikalifanya tena kila siku kwa siku kumi na moja. Nilikuwa nimejihukumu kwa kosa ambalo halikuwepo, na ndani ya hukumu hiyo nikajificha nisilitazame lililokuwepo.

Jumamosi nilikwenda Magomeni. Nimeshawahi kwenda kabla, sitasema mara ngapi. Niliuliza kwenye vibaraza vya mafundi cherehani, mtaa kwa mtaa, mama wa kutoka Lindi aliyehamia miaka hiyo, mrefu, hana mtoto. Mafundi wa siku hizi ni vijana. Waliniamkia shikamoo kwa heshima, nikaitikia marahaba, wakasema hawamjui.

Natamani kumwambia habari ya maji. Ni habari fupi, haimalizi hata dakika. Ila yeye aliamini, na hakuna aliyemwambia vinginevyo. Popote alipo, kama yu hai, dada Mwajuma bado anajua kwamba nyanya za Bibi niliziua mimi, na bado hajamwambia mtu.