Pale Barabara Inapozunguka Kilima

Asubuhi ya mbio za hifadhini, mwalimu wa michezo alisimama kwenye mlango wa basi akasema maneno yake mara moja tu. Wasichana wawili wa kwanza wa mkoa wetu, walio bado sekondari, angeondoka nao. Shule yake ni ya bweni, iko mbali, na anayechaguliwa kwa mbio husoma hapo mpaka amalize, akila na kulala kwa gharama ya shule. "Wawili," akarudia, akainua vidole, kisha akashuka kwenda kunywa chai.

Mdogo wangu alikuwa pembeni yangu. Alinishika kidole kama alivyokuwa akifanya zamani tukivuka maji, halafu akakumbuka kwamba ameshakuwa mkubwa, akakiachia.

Sisi ni wa Mwese, milimani. Mama alitangulia mbele ya haki, baba akamfuata kabla ya mavuno. Mimi nilikuwa darasa la sita, na huyu mdogo alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Kati yetu yupo wa kiume, ambaye siku hizi analima Sibwesa. Hakuna aliyeniambia niache shule. Niliamka tu nikaona kwamba hakuna mtu mwingine wa kusonga ugali. Baadaye mjomba alitupa kipande cha shamba Kasokola, tukashuka, tukalima mahindi na karanga, na mpaka leo ndipo tulipo.

Sekondari ya mdogo wangu ni ya kutwa, na ni mbali. Anaondoka gizani na kurudi gizani, na kwa kuwa anachelewa kila siku, anakimbia kila siku. Mbio zake alizipata hivyo. Lakini akifika darasani anasinzia, na njia yenyewe tunaijua. Walianza wakiwa kundi la wasichana, wakapungua mmoja mmoja. Leo bodaboda anakupa lifti, kesho anakupa soda, na msimu ukiisha unabeba mtoto. Yeye alikuwa amebaki na mwenzake mmoja tu wa kutembea naye. Kwa hiyo mwalimu aliposema bweni, mimi sikusikia habari ya medali. Nilisikia kitanda kilicho karibu na darasa.

Niliingia mbio zile kwa sababu yake. Tangu mwezi wa kupanda nilikuwa namkimbiza jioni za mwisho wa wiki, yeye mbele, mimi nyuma. Kwetu mkubwa wa watoto hutembea wa mwisho, awaone wote. Sikuwa na kasi ya kumfikia, ila nilikuwa na pumzi ya kutompoteza machoni.

Tulipanga mstari asubuhi, jua halijawa kali, mpakani mwa hifadhi. Waandaaji walikuwa wamegawa fulana za bluu. Wageni walizivaa wote. Sisi wa huku tulizikunja tukazitia kwenye mifuko, maana ndorobo, yule nzi mng'ataji, akiona bluu ni kama ameitwa mezani. Mdogo wangu nilimfunga kitambaa cha njano kichwani, nimwone kwa mbali.

Askari wa hifadhi alipita mbele yetu na bunduki begani. "Sheria ni moja. Msitoke barabarani. Sio kujisaidia, sio kupiga picha, sio kufuata kipepeo. Na msipige makelele. Huko siyo uwanja wa mpira."

"Na simba akitokea, afande, tukimbie au tutembee?" mtu akauliza.

"Wewe kimbia tu. Si ndicho ulichokuja kufanya?"

Watu wakacheka kuliko kichekesho chenyewe, kama wanavyocheka wenye hofu. Jirani yangu kwenye mstari alikuwa Msukuma mmoja mrefu, mchungaji, amevaa katambuga za tairi.

"Mwangaluka, dada. Hizo raba zako zina breki?"

"Na hizo zako zilikuwa gari gani?"

"Fuso. Mlima napanda kwa taabu, lakini nikianza kushuka hunishiki."

Filimbi ikalia.

Sijui namna ya kueleza uzuri wa njia ile, kwa sababu nilikuwa natazama kitambaa. Najua kulikuwa na ukungu kwenye mbuga, na mivumo, ile miti mirefu jamii ya mitende, imesimama ndani yake kama watu wanaooga. Najua tulipita bwawa lililobaki tope, viboko wamebanana humo mgongo kwa mgongo, na harufu yake ilitufuata mpaka daraja la pili. Twiga walituangalia wakiwa wanatafuna. Mama mmoja kutoka Dar es Salaam alisimama katikati ya barabara, fulana yake ya bluu imejaa ndorobo, anajipiga mabegani huku analia kwa furaha. "Jamani, jamani! Nyie mnaishi hapa?" Nikamwitikia ndiyo, wala sikusimama kumwambia kwamba na mimi nilikuwa sijawahi kuingia.

Mbele, kitambaa cha njano kilikuwa kinapita watu. Wanaume wenye mbio zao walikuwa wameshapotea. Kwa wasichana wa mkoa wetu, waliokuwa mbele yake walibaki wawili. Mmoja alikuwa mrefu, anakimbia kama hajali. Mwingine alikuwa na kaptura nyekundu na miguu mitupu, na huyo alikuwa anachoka. Kila barabara iliponyooka niliona nafasi kati ya nyekundu na njano imepungua.

Kisha tukafika kwenye kilima.

Watu wa milimani wana njia mbili. Kuna njia ya gari na kuna njia ya miguu. Njia ya gari huzunguka, kwa sababu gari halina akili ya kupanda. Njia ya miguu hupita begani mwa kilima, inatokea upande wa pili, na wewe unaendelea na safari wakati pikipiki bado inahangaika na kona. Mwese hakuna anayemwonyesha mtoto mara mbili. Mtu anayefuata barabara mpaka mwisho anajulikana ni mgeni, au ana mgonjwa kwenye machela. Mimi ndiye niliyemfundisha huyu mdogo wangu, tangu anaanza kutembea: ukiona barabara inapinda, tafuta kijia.

Na kijia kilikuwepo. Nilikiona nikiwa mbali, mstari mwembamba mweupe kwenye majani yaliyoungua. Barabara ilipinda kushoto, ikajificha nyuma ya kilima. Yule msichana mrefu akapinda nayo. Kaptura nyekundu ikapinda. Mdogo wangu hata hakupunguza mwendo. Alitoka barabarani kama mtu anayeingia kwao, akaanza kupanda.

Gari la askari lilikuwa limetupita muda si mrefu. Pale kwenye kona hapakuwa na mtu wa bendera wala wa maji. Wageni walikuwa nyuma sana. Tuliokuwepo ni mimi na yule Msukuma, tunahema pamoja.

"Dada," akasema, "yule si wako?"

"Wangu."

Akatazama mbele, akatazama nyuma. "Basi mimi sijaona kitu. Na wewe hujaona kitu. Macho yametuingia jasho."

Aliposema hivyo ndipo hesabu yote ikanijia. Upande wa pili angetokea mbele ya mrefu. Angekuwa wa kwanza, naye asingejua hata kwamba ameiba, kwa sababu miguu yake ndiyo iliyoamua. Mwezi ujao angekuwa analala kwenye kitanda karibu na darasa. Mimi nilitakiwa kufanya kitu kimoja tu, yaani kunyamaza, na kunyamaza si kazi.

Lakini ile kaptura nyekundu ilikuwa imetoka nyumbani kwa mtu. Miguu mitupu vile, mtu alikuwa ameamka mapema akampakia kwenye basi, kama mimi. Na nilijua pia jinsi maneno yanavyotembea. Siku moja mtu angesema alimwona kijiani, na mdogo wangu angesimamishwa mbele ya shule ya watu, mbali, bila mimi. Sijui lipi kati ya hayo mawili lilinisukuma. Kitambaa kilikuwa kimebakiza kidogo kufika begani mwa kilima. Akivuka pale ningekuwa nimeshachagua.

Nikasimama, nikaweka viganja mdomoni, nikampigia ukelele wa nyumbani.

Milimani hatuitani kwa majina, jina halifiki. Kila nyumba ina mlio wake. Wa kwetu ulikuwa wa mama, mrefu, unapanda mwishoni, na maana yake ni rudini nyumbani. Mama alipoondoka niliuchukua mimi, kwa sababu ilibidi watoto waitwe jioni na mtu. Kasokola ni tambarare, nilikuwa sijaupiga kwa miaka. Ulitoka mkubwa kuliko nilivyotaka. Ndege wakaruka kwenye mivumo. Msukuma akashika kichwa. "Wewe mama, tumeambiwa tusipige makelele!"

Mdogo wangu alisimama. Hakugeuka kwanza. Alisimama tu, mguu mmoja juu, mmoja chini. Sikupiga tena. Ningempigia mara ya pili ningekuwa namwamuru. Kisha akageuka, akaniona nimesimama barabarani, akaanza kushuka mbio, mawe yanamtangulia.

Alinifikia akidhani nimeumia. "Nini? Umeanguka?"

"Rudi pale ulipoiacha barabara. Halafu fuata kona."

Alitazama kona, akatazama kijia, akanitazama mimi. Nikaona jambo linamwingia, polepole, na uso ukabadilika.

"Sijaiba! Nimepita tu. Si ndivyo tunavyopita?"

"Ndivyo tunavyopita tukienda shamba. Leo ni barabara."

"Nilikuwa nawapita, dada! Nilikuwa nimeshawapita!"

"Najua."

"Umeniua," akasema. "Wewe umeniua." Machozi yalikuwa yanachanganyika na vumbi. Lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza kwenda. Aligusa ukingo wa barabara pale alipoiacha, kwa nguvu, kama anaipiga kofi, akaingia kwenye kona akapotea.

Kwa mara ya kwanza siku ile sikumwona. Kilima kilikuwa katikati yetu. Msukuma alikimbia nami, katambuga zikilia pa, pa, pa, kisha akasema, "Ng'ombe wangu akiingia shamba la mtu namtoa. Lakini namtoa baada ya kushiba kidogo." Sikucheka. "Haya," akasema, "hapa ni mteremko," akaniacha.

Sehemu iliyobaki ilikuwa ndefu kuliko yote. Nilipowafikia watu wa maji nikauliza kitambaa cha njano. "Kimepita kinalia," wakaniambia. Mbele nikauliza tena, mzee mmoja wa baiskeli akasema yupo nyuma ya mwenye nyekundu, karibu kabisa, kama mtu na kivuli. Nikakimbia kwa hayo. Nilikuwa nimechubuka mapajani, ndorobo wananila shingoni, na akinamama wa kijiji cha mwisho wamesimama na ndoo zao wanacheka. "Nyie mnafukuzwa na nini? Mbona hatukioni?" Nilikuwa nahesabu kichwani mteremko uliobaki, tambarare iliyobaki, pumzi yake niliyoijua kuliko yangu. Nikasema atampata. Nikasema kwenye daraja atampata.

Nilipofika mwisho, mwalimu wa michezo alikuwa anaongea na mzazi wa yule msichana mrefu. Karibu naye, chini, alikaa msichana wa kaptura nyekundu, anatapika maji, na mama mmoja mwenye khanga iliyopauka amemshika paji la uso. Mwalimu akamwinamia yule mama akamwambia kitu, naye akakaa chini vumbini, akaanza kusema asante, asante.

Mdogo wangu alikuwa peke yake kwenye kivuli cha basi. Wa tatu. Watu waliokuwepo waliniambia nafasi iliyowatenganisha ingetosha mtu mmoja kulala.

Tulirudi Mpanda, na kutoka Mpanda mpaka Kasokola, yeye mbele, mimi nyuma.

Nikisimulia habari hii watu hunisubiri niseme kwamba nyuma ya kile kilima kulikuwa na nyati. Wangependa wawepo. Jirani yangu wa Kasokola anaisimulia kwa watu akiwa ameshawaweka, kundi zima. Hawakuwepo. Nilimuuliza askari siku ileile, akasema upande ule hapakuwa na kitu tangu asubuhi. Mdogo wangu angeshuka salama, angekuwa wa kwanza.

Jioni ile alinikuta nachambua mboga. Akachuchumaa, akachukua fungu lake, akaanza kuchambua bila kunitazama.

"Usingeniita ningekuwa naenda bweni."

"Ndiyo."

Akachambua. Mimi nilikuwa nasubiri aseme lingine, lile la kwamba mimi si mama yake. Ana haki nalo, na hajawahi kulitumia.

"Ulijuaje kwamba nitarudi?"

"Sikujua."

Aliniangalia basi, kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia mbingu ajue kama kuna mvua. Akamaliza fungu lake, akasukuma sinia kwangu, akaenda kutafuta sare yake ya shule kwenye kamba.

Alfajiri nilisikia mlango. Mwenzake wa njiani alikuwa bado hajafika kumwita. Nikatoka, nikamwona barabarani, ameshaanza, mkoba mgongoni. Nilichukua khanga, nikaufunga mlango nyuma yangu, nikaanza kumfuata, nimsindikize mpaka kukuche.