Hodi kwa Mchwa

Jina alilopewa na wazazi watu wameshalisahau. Mtaa mzima humwita Hodi. Kazi yake ni kukagua nyumba zinazoliwa na mchwa. Hugonga kila mbao kwa mpini wa bisibisi, mara tatu, kama mgeni mlangoni, kisha husikiliza. Mbao nzima hutoa sauti nzito. Iliyoliwa hulia kama debe tupu, na mchwa wakishtuka huitika kwa mchakacho mwembamba, kama karatasi inayokunjwa chumba cha pili. Hapo ndipo hutoboa, akaandika zipi za kubadilisha na zipi za kuacha. Wapo mafundi wanaong'oa paa lote ilhali ugonjwa uko kwenye fremu moja, na wala hawaoni haya. Hodi hakuwahi kufanya hivyo. Kwa miaka thelathini, akisema "salama", watu wamelala usingizi.

Jumanne asubuhi alifika kwa mwalimu mstaafu, akapanda ngazi huku magoti yakimlalamikia kila kipago.

"Niambie tu, Fundi," mwalimu alisema, "nilale chumba hiki au nikihame? Mvua zinakuja."

Akagonga boriti ya juu ya kitanda. Akatega sikio. Kimya.

"Salama."

"Salama nini? Hao hujawasikia?"

"Akina nani?"

"Fundi, nimefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na nane. Mnong'ono wa dawati la nyuma haunipiti. Gonga tena."

Akagonga. Hakusikia kitu. Mwalimu alinyoosha kidole karibu na ukuta. Hodi akachoma hapo, na bisibisi ikazama hadi mpinini kama inaingia kwenye mkate. Vumbi na mchwa weupe wakamwagika juu ya shuka.

Hodi akakaa pale pale ngazini.

"Sikio la kushoto liliniaga mwaka jana," alisema. "Hili la kulia nilidhani bado lipo."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani? Fundi kiziwi ataitwa na nani?"

Mwalimu hakumkaripia. Alivua kandambili, akaishika ngazi. "Haya. Wewe gonga, mimi nisikilize."

Wakazunguka hivyo chumba kwa chumba, mwalimu akijibu kama anayeita mahudhurio ya darasa.

"Huyu?"

"Yupo."

"Huyu?"

"Mtoro huyo. Ameacha shati tu kwenye kiti."

Hodi akatoboa; kweli, mbao ilikuwa ganda tu, ndani hamkuwa na kitu. Kufikia adhuhuri daftari lilisema: boriti mbili na fremu moja zibadilishwe, jikoni pasiguswe, kitanda kihamie sebuleni mpaka seremala amalize.

"Si paa lote?"

"Si paa lote, Mwalimu."

Lakini hakulifunga daftari. Alirudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, akikunja pembe kila alipoandika "salama" tangu mwaka jana.

"Nyumba ngapi?" mwalimu aliuliza.

"Kumi na moja."

"Kaa kwanza unywe chai."

"Nikikaa sitainuka." Akajitwika ngazi begani. "Ya kwanza iko nyuma ya shule. Wana mtoto mchanga."

Mwalimu alimtazama akihangaika na komeo la geti kwa mkono mmoja. Kisha akaanza kutafuta kandambili zake.

"Ningoje!" aliita.

Hodi alikuwa ameshaipa nyumba mgongo, hakusikia. Ikabidi mwalimu amkimbilie.