Vipande Sita vya Sabuni

Miaka ile sabuni ilipokuwa adimu, tukiipangia foleni tangu alfajiri, alikuja kwetu Temeke binti mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu. Alitaka kujua watu waliotoka mikoa tofauti, sasa wamepanga nyumba moja, wanaaminiana kiasi gani. Balozi wetu wa nyumba kumi akatuita kwake. Nilikwenda kwa ajili ya sabuni. Udadisi ulinishika nilipokwisha kukaa.

"Mama, hivi vipande sita ni vyako," binti akaniambia. "Ukipenda, mpelekee mwenzako aliye chumba cha pili. Kila kipande utakachotoa, mimi nitamwongezea kingine. Yeye ataamua akurudishie au abaki navyo."

"Mwenzangu ni nani?"

"Jina siruhusiwi kusema. Anatoka kusini."

Mimi ni mtu wa bara, mume wangu karani. Wa kusini niliyemjua ni jirani yangu, mke wa mchonga vinyago, ambaye mlango wake ulitazamana na wangu. Tulisalimiana kila asubuhi, basi, kila mtu akarudi ndani kwake. Je, kama ni yeye? Nikatoa vitatu. Nikakaa nikisubiri kama niko kwenye mtihani. Punde binti akaniletea vinne.

Nilirudi nyumbani mbio mbio. Jirani nilimkuta uani akianua nguo.

"Shoga, ni wewe uliyenirudishia?"

"Mie? Nirudishe nini? Mwenzangu wa chumba cha pili aliambiwa natoka kusini, hakuleta hata kipande." Alicheka kidogo, lakini nguo aliyoishika hakuiondoa kambani.

Nikamweleza nilivyofanya mimi. Akanitazama.

"Kwa nini nusu?"

"Nilitaka kuona itakuwaje."

"Na angekuwa mtu wa kwenu?"

Nikafikiri. "Labda ningempa vyote. Au nisingempa kabisa. Wa kwetu nawajua."

Hapo tukacheka sote wawili. Kisha akasema, "Lakini sabuni ni sabuni tu. Kesho naenda shamba, Chanika. Nikikuachia mtoto je?"

Mwanawe ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na hakuwahi kuvuka kizingiti changu.

"Mlete," nikasema.

Kesho yake mtoto alilia asubuhi nzima. Nilipika nimembeba mgongoni. Uji wangu wa ulezi aliutema, akaukataa, halafu mchana akaumaliza wote. Kila alipokohoa niliruka kumtazama.

Jioni mama yake akarudi na mihogo kichwani, akamkuta amelala kitandani kwangu. Nilidhani atamchukua aondoke. Akatua mzigo, akavua kandambili mlangoni, akaingia na kukaa kwenye mkeka.

"Kakusumbua sana?" akauliza.

"Sana."

"Nilijua," akasema, akanyoosha miguu, nami nikainuka kubandika chai.