Wiki Moja Bila Simu ya Mama

Mama alinipa simu yake nisome kile kifurushi cha nyongeza kilichokuwa tayari kwenye bili ya safari yetu ya meli, nimwambie kama kinafaa. Kilikuwa na soda, kahawa na intaneti ya wiki nzima. Sisi ni watu wa chai, na chai melini ni ya bure, kwa hiyo nikabaki nikifikiria intaneti tu. Kabla sijamaliza kusoma, simu ililia mara mbili: kwanza kazini kwake, wakitaka aingie shifti Jumapili, kisha shangazi, kuhusu mchango wa harusi.

Mimi si msemaji, hata nyumbani, lakini nilimwambia, "Mama, tusikinunue. Nataka ukae na mimi wiki moja bila simu."

Aliichukua simu mkononi mwangu, nikadhani nimemkosea. Kisha akampigia nyanya yangu aliye Nakuru. "Mum, tukiwa melini sitapatikana wiki nzima."

Nyanya alicheka. "Afadhali. Hata mimi nipumzike, kila siku ni kuulizwa kama nimemeza dawa."

Mama akanirudishia simu, akavuta kiti karibu yangu. "Haya, kitoe hicho kifurushi hapo," akasema, "tusije tukakilipia."