Utando Uliopikwa Mara Mbili

Kazini walimwita Shubiri, na hakuna aliyemwonea. Salamu yake ya asubuhi ilikuwa "Nani kagusa meza yangu?" Hodari wa kazi alikuwa, tusimnyime haki yake, ila ulimi wake ungetosha kukwangua ukoko wa sufuria.

Kazi yenyewe ilikuwa kupika plastiki. Karakana yao ilitengeneza utando mwembamba wa kutiwa ndani ya soli ya kiatu, ili mtu akitembea, kila anapokanyaga utoke umeme kidogo wa kuwasha taa. Utando huo huokwa kwanza tanurini, taratibu, kisha hupigwa umeme mkali ndipo upate nguvu. Ukishapigwa, usithubutu kuurudisha kwenye moto. Nguvu yote hupotea, ukabaki na kipande cha nailoni.

Tanuri lilikuwa moja na wapishi wawili: Shubiri na wifi yake, dada wa mumewe. Shubiri mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi, enzi wakiiva chungu kimoja. Wifi alipoanza kusifiwa na mkuu wa karakana, mapenzi yakaota kutu. Sasa mkuu alikuwa ametangaza kwamba nafasi imebaki moja. Jumatatu kila mmoja alete utando wake, na utakaowasha taa vizuri zaidi, mwenyewe ndiye atakayebaki kazini.

Jumamosi jioni Shubiri alimaliza wake. Alipoukanyaga, taa iliwaka hadi akacheka peke yake. Lakini auache wapi? Makabati hayakuwa na kufuli, na yule hasidi alikuwa papo hapo akifagia vipande vyake. Akautia ndani ya tanuri lililokwisha poa, akafunga, ufunguo akausokomeza kifuani.

"Wifi, lakini humo si..."

"Koma! Usinisemeshe mpaka Jumatatu ipite. Na ukigusa hata swichi ya hilo tanuri, tutaonana wabaya!"

Wifi akasonya, akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Hasira hasara. Kila siku ya kazi tanuri lile lilijiwasha lenyewe alfajiri, ili wakifika walikute moto. Aliyelitega hivyo ni Shubiri mwenyewe, zamani, na chuki ilikuwa imemsahaulisha.

Jumatatu alimkuta wifi ameketi mbele ya tanuri, mikono kaikunja. Tanuri linanguruma, taa yake nyekundu inawaka. Shubiri akachomoa ufunguo kifuani, akafungua. Utando ulikuwa mzima, safi, hauna hata kovu, na hapo akajipa moyo. Mbele ya mkuu akaukanyaga. Akaukanyaga tena kwa kisigino, akaurukia kama anayeua nyoka. Taa haikuwaka. Ya wifi iliwaka, kidogo tu, lakini iliwaka.

"Umefika saa ngapi wewe?" Shubiri alimbana wifi mlangoni, mkuu alipokwisha toka.

"Mapema. Nimekuta ndiyo kwanza linaanza kupata joto."

"Na swichi si iko ukutani? Ungezima!"

"Uliniambia nisiiguse."

"Umeniua, mwanamke wewe!"

"Nimekutii, wifi."

Shubiri alimchukia mwanamke yule kuliko siku zote. Lakini alijua pia, na ndilo lililomchoma, kwamba angekuwa yeye aliyetangulia kufika asubuhi ile, naye angevuta kiti, akae, asubiri utando uive.