Mbio Zilizokwamia Mzunguko wa Tatu

Odeta wa pale stendi ya Ngara alikuwa na kompyuta moja, tena kuukuu, na watu walimlipa ili waichezee gemu. Msicheke. Mwaka ule wa elfu mbili na saba ukitaka kucheza gemu ya magari mjini Ngara ulikwenda kwake, au ulibaki nyumbani na hamu yako. Chumba kilikuwa kimoja, benchi moja, na jenereta la petroli lililonguruma uani mpaka majirani wakazoea.

Mashine ile aliipata kwenye mnada. Shirika alilolifanyia kazi ya kuchapa barua kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole lilipofunga virago, wenzake waligombea magodoro na meza. Yeye akachukua kompyuta aliyokuwa akiichapia. Kwao kijijini Kirushya walishangaa kweli. Dada yake Josefina alimwambia wazi kwamba mtu mwenye akili zake haachi godoro akabeba chuma.

Ila Josefina hakumjua Iradukunda. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mkalimani wa shirika lile lile, na meza yake ilipakana na ya Odeta. Saa ya chakula cha mchana hao wawili walikuwa wakifunga mlango na kushindana magari kwenye kibodi moja, Odeta upande wa kulia, Iradukunda wa kushoto, viwiko vikigombana. Kazi ilipokwisha, mashindano hayakwisha. Kila alipopata kibali cha kutoka kambini Iradukunda alipanda bodaboda hadi mjini, na wateja waliambiwa wasubiri.

Tatizo lilikuwa moja. Mbio zilikuwa za mizunguko mitatu, na huo wa tatu mashine haikuumaliza hata siku moja. Picha ilianza kurukaruka, kisha magari yakaganda katikati ya barabara. Hapo kelele zikaanza. "Nilikuwa mbele!" "Mbele wapi, wewe?" Wakaachana hivyo hivyo, kila mmoja akijiita bingwa, na kibali kingine kikipatikana ubishi ukaendelea palepale.

Halafu jina la Iradukunda likatoka kwenye orodha ya msafara wa kurudi Burundi.

"Kwa hiyo naondoka bila kujua nani mkali," alisema akicheka. "Nina nafasi ya kuja mara moja tu."

Odeta hakucheka. Alijisikia vibaya, na kwa kuwa hakujua la kufanya na hisia hiyo, aliamua kuitengeneza kompyuta. Mbio moja ikamilike kabla rafiki yake hajapanda lori. Hilo tu ndilo alilotaka.

Akamwendea Celestini, fundi wa redio aliyekuwa akitengeneza kompyuta pia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Mashine imegoma tena?"

"Haijagoma, inazeeka. Nina uwezo wa kununua kitu kimoja tu. Ninunue nini?"

Celestini hakukurupuka. Kwa gemu, alisema, kinachosaidia kuliko vyote ni kadi ya picha, maana ndiyo inayochora barabara na magari. Lakini kadi nzuri hula umeme mwingi, na mashine ya umri ule ingeshindwa kuilisha. Prosesa mpya, ule ubongo wa mashine, ingetaka ubao mama mpya, na ukishabadilisha ubao si kompyuta ile tena. Diski kubwa ni ya kuhifadhia, haiongezi kasi ya gari. Ramu, kumbukumbu inayotumika mashine ikiwa kazini, ndiyo ilikuwa na nafuu. Ilikuwa ndogo mno kwa gemu ile, na kuipachika ni kazi ya kubonyeza.

"Ila niambie, ikikwama inakuwa imechemka?"

"Itachemkaje, mzee? Inakaa kivulini."

"Ilete niione."

"Nikiileta nifunge duka? Agiza ramu."

Odeta hakuwahi kuigusa ikiwa imekwama, lakini alijibu kama daktari. Basi ramu ikaagizwa Mwanza, ikaja mfukoni mwa kondakta wa basi, Celestini akaja kuipachika mashine ikiwa imezimwa, imepoa, akaenda zake. Na ilisaidia, tusiseme uongo. Gemu iliyokuwa ikifunguka mpaka mtu apige miayo sasa ilifunguka mara moja, na miti ya kando ya barabara, ambayo zamani ilitokea gari likishapita, ikaonekana tangu mbali. Mzunguko wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu magari yakaganda.

Odeta alitukana kwa Kihangaza, lugha ya kwao, matusi ambayo hayataandikwa hapa.

Siku ya Iradukunda kuja, Odeta alipiga deki chumba na kufua kitambaa cha mashine. Kila nyumba yenye redio au televisheni mnajua ina kitambaa cha kufuma juu yake. Kukiacha chombo uchi ni kama kumkaribisha mgeni kwenye meza isiyofutwa. Hiki alikifuma Iradukunda mwenyewe, uzi wa bluu na mweupe, kirefu. Mbele hukunjwa ili kioo kionekane, nyuma huachwa kining'inie. Kikiwa kwenye kamba uani, Odeta akajaribu mashine. Mizunguko mitatu, na gari likavuka mstari.

Akaenda nyuma ya kompyuta kutazama. Matundu ya kutolea joto yalikuwa pale pale kitambaa kilipokuwa kikining'inia miaka yote, yamejaa vumbi jekundu na nyuzi za bluu. Lo! Odeta akakaa kwenye benchi. Atamwambiaje mtu anayeondoka kwamba zawadi yake ndiyo iliyokuwa ikiikaba mashine?

Alimwambia. Iradukunda akatazama kitambaa kwenye kamba, kisha akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Kwa hiyo mshindani wako alikuwa ni mimi na uzi wangu! Washa hiyo kitu."

Wakakaa, viwiko vikagusana. Mzunguko wa kwanza kelele. Wa pili matusi ya kirafiki. Wa tatu wakanyamaza, maana mashine ilikuwa ikienda tu, haikwami, na hakuna aliyewahi kufika mahali pale akiwa na mwenzake. Mstari ukaonekana. Odeta alikuwa mbele kidogo. Akaachia kitufe. Gari lake likasimama.

La Iradukunda nalo likasimama kando yake.

"Pita," alisema Iradukunda.

"Pita wewe."

Magari mawili yakakaa yakinguruma mbele ya mstari, kila moja kwenye nusu yake ya kioo. Odeta alitazama mbele tu. Aliona kwamba mbio zikiisha hakuna tena cha kubishania, na bila cha kubishania hakujua wangeitana kwa lipi, mmoja Burundi, mmoja stendi.

Iradukunda akapangusa macho.

"Mwenye safari ni mimi, Odeta," akasema, akabonyeza, gari lake likavuka.