Nazi ya Mwanamisi

Nilipoambiwa niliache darasa la kwanza nikafundishe la nane, nilikubali kabla hata chai haijapoa kikombeni. Mwanangu, natamani ningalikataa. Nakueleza kisa chenyewe kwa kuwa nawe, mwalimu wa gredi ya kwanza, umeitwa kupanda madarasa ya juu, na umekuja kuniuliza mimi mzee nionavyo.

Nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya ualimu katika shule moja upande wa Msambweni. Darasani mwangu tulikuwa na utaratibu wetu. Kila asubuhi mtoto mmoja alileta kitu alichokiokota njiani, akakiweka mezani, na wenzake wakauliza maswali. Mimi nilikatazwa kujibu mpaka kesho yake. Sheria hiyo waliitunga wenyewe, na nikijisahau walipiga madawati kwa viganja. Wakaleta gamba la kaa, wakaleta bibo, tunda la mkorosho, lililodonolewa na ndege, wakaleta pingili ya muwa yenye mdudu ndani. Mbona korosho imekaa nje ya tunda lake? Kaa akivua gamba huona haya? Jioni nilizunguka kwa wavuvi na wakulima kuwauliza, maana mengi sikuyajua. Sijapata tena furaha kama ile ya kutojua.

Alikuwapo msichana mmoja, Mwanamisi, ambaye muhula mzima hakutamka neno darasani. Nikimsalimu aliinama. Zamu yake ilipofika alileta nazi kavu, kubwa kuliko kichwa chake, ameikumbatia kwa mikono miwili. Akaitikisa sikioni, akasikiliza, kisha akasema:

"Mwalimu, mnazi umelalaje mle ndani?"

Vichwa vyote vikamgeukia. Wengi walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake.

"Tuipasue tuone!" akaruka Bakari, mtoto wa mkata miwa wa Ramisi. "Pengine mna joya tamu ndani, tule!"

"We Bakari, lisomalo ni tumbo lako," Mwanamisi akamjibu, na hata mimi nilicheka mpaka nikakaa.

Hatukuipasua. Tuliilaza kivulini nyuma ya darasa, tukawa tunaimwagia maji. Nikamwahidi Mwanamisi mbele ya wenzake kwamba siku itakapochipua tutaifua, tuitoe makumbi pamoja, na yeye ndiye atakayetueleza mnazi ulilalaje. Tangu siku hiyo alikuja kwangu kila asubuhi kabla ya kengele.

"Shikamoo mwalimu. Bado. Lakini inafikiri."

"Marahaba. Inafikiri nini?"

"Haijasema."

Miezi ikapita hivyo. Kutoka nazi alihamia mengine, akawa anauliza kuhusu mvua, kuhusu kivuli chake, kuhusu meno ya bibi yake, yalikwenda wapi. Mama yake alinisimamisha njiani akaniuliza nimempa mtoto dawa gani.

Basi nikaitwa ofisini. Mwalimu mkuu alisema watahiniwa wanahitaji mtu mwenye bidii, na kwamba kule chini ninajipoteza. Ningeweza kumwomba aningojee mwaka uishe, na nadhani angekubali. Lakini nilikuwa na shemeji aliyefanya kazi hoteli moja ya Diani, ambaye hakuacha kunitania barazani: "Huyu bwana kasoma mpaka fomu foo, kazi yake kupangusa makamasi!" Watu walicheka, nami nilicheka nao huku naumia. Nilimkubalia mwalimu mkuu kwa ajili ya kicheko kile. Watoto sikuwaaga. Nilijiambia nipo shule ile ile, nitawapitia. Sikuwapitia.

Wiki chache baadaye nilikuwa nafundisha hesabu darasa la nane. Mlango ukagongwa kwa mguu. Alikuwa Mwanamisi, sare imejaa udongo, ile nazi mikononi, imetoa jani moja la kijani limesimama kama sikio.

"Mwalimu, imesema!"

Wavulana wakubwa wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwalimu, mwanao amekuletea kitoweo." Nikasikia sauti ya shemeji yangu mle mle ndani ya kicheko chao. Nikakunja uso.

"Huoni nina kazi? Nenda kamwambie mwalimu wako."

Aliniangalia kidogo. Akaiweka nazi chini pale mlangoni, taratibu, akaondoka. Wakati wa mapumziko wavulana wakaifua, wakaipasua, wakagawana joya, ile nyama laini inayoumuka ndani ya nazi ichipuapo. Waliniletea kipande, nami nikala. Kilikuwa kitamu, na hilo sijalisahau.

Mwalimu wake mpya aliniambia baadaye kwamba yule mtoto hasemi. Nilijibu kwamba ndivyo alivyo. Nilijua si kweli.

Mwaka huu nilikutana naye Ukunda, mtu mzima sasa, anaishi Bongwe, amemshika mkono binti yake mwenye sare mpya. Akanipa shikamoo kwa sauti ndogo. Yule mtoto akaitazama fimbo yangu ya kutembelea, akaniuliza, "Babu, fimbo yako ilikuwa mti gani?" Nikafungua mdomo nimjibu. Mama yake akamvuta mkono haraka. "Nyamaza. Usimsumbue mwalimu."

Mwanangu, sikukatazi kupanda. Ila kabla hujakubali, jiulize kuna nini nyuma ya darasa lako ambacho watoto wanakingojea pamoja nawe. Kama kipo, omba muda, hata wakikucheka. Kama huna budi kwenda, waage watoto, na mtoto akigonga mlango wako mpya kwa mguu kwa sababu mikono yake imejaa, weka chaki chini umpokee. Mwenyezi Mungu akupe masikio mapana na subira ndefu, na watoto wako wasikose kukuuliza mpaka uzeeni.

Mimi nilifundisha madarasa ya juu hadi nikastaafu, na hakuna mtoto aliyenigongea mlango tena kuniuliza neno. Na Mwanamisi aliacha kuuliza, na sasa anamfundisha binti yake kunyamaza.